Gitaa la Mjomba

Mjomba wangu mmoja aliondoka hapa Rugera akiwa kijana, akavuka mpaka kwenda Buganda kutafuta kibarua, kama walivyofanya wengi wa Karagwe wakati huo. Aliporudi hakuleta baiskeli. Alileta gitaa, na wimbo aliojifunza kwenye santuri: Masanga, wa Mwenda Jean Bosco.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta barabarani akipiga gitaa mjini Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi. Santuri zake zilienea hadi Nairobi, na mwaka 1959 mwenyewe aliishi huko kwa muda. Ajabu yake ilikuwa mkono wa kulia. Alitumia vidole viwili tu: gumba likitembea kwenye nyuzi nene bila kusita, kidole cha shahada kikichombeza kwenye nyuzi nyembamba. Asiyemwona angeapa kwamba wanapiga watu wawili.

Hivyo ndivyo alivyopiga mjomba, jioni, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba. Sisi vijana tulimcheka. Tulitaka magitaa ya umeme, bendi za akina Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab. Mwaka 1983 nilinunua redio kaseti yenye kitufe cha kurekodia. Nilirekodi dansi kutoka Redio Tanzania, nilirekodi taarabu, hata kwaya ya harusi. Mjomba sikumrekodi. Alifariki mwaka 1986.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Mwanza, rafiki aliniwekea kaseti ya Mmarekani mweusi, Mississippi John Hurt. Niliacha chai ikapoa. Lilikuwa gumba lile lile! Basi nani alimfundisha nani? Wapo wanaosema upesi kwamba Wakongo waliiga bluzi. Mimi sikubali kirahisi. Hurt, mkulima wa Avalon, jimbo la Mississippi, alirekodi nyimbo chache mwaka 1928, hazikuuzika sana, akarudi shambani mpaka alipotafutwa na kupatikana mwaka 1963. Wakati huo Masanga ilikuwa na miaka 11 tangu irekodiwe. Naona sababu iko karibu zaidi: mtu aliye peke yake na chombo kimoja, naye anataka watu watikise mabega, hana budi gumba lake liwe ngoma. Wazee wetu wapigaji wa enanga nao walikaa peke yao hivyo hivyo, wakiimba habari za mashujaa huku vidole vikishika mwendo. Hakuna Mmarekani aliyewafundisha.

Hurt alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1963, akafariki mwaka 1966. Mwenda alifika Newport hiyo hiyo mwaka 1969. Walipishana. Mwenda naye alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, lakini ameacha santuri.

Mjomba hakuiga Masanga neno kwa neno. Aliziba nyuzi nene kwa ubavu wa kiganja, na katikati aliingiza maneno ya Kinyambo ambayo leo siyakumbuki. Binamu yangu analo gitaa lile, halina nyuzi. Nikienda kwake huniuliza baba yake alikuwa akilipigaje. Humwekea Masanga ya Mwenda kwenye simu, tunasikiliza, kisha namwambia si hivyo hasa.