Mwezi Nao Una Mola: Historia ya Dua ya Mwezi Mwandamo

Siku ya ishirini na tisa ya mwezi wa Kiislamu, jua likishatua, Waislamu wa Pwani hukodolea macho upande wa magharibi. Ukionekana ule ukucha mwembamba wa nuru, watu husema mwezi umeandama, na wanaoijua dua huisoma. Ni dua fupi. Mja humwomba Mwenyezi Mungu auandamishe mwezi huo kwa baraka na imani, kwa salama na Uislamu. Kisha huusemesha mwezi wenyewe: huuambia kwamba Mola wao, yeye na huo mwezi, ni Allah.

Uzito wa dua umo katika maneno hayo ya mwisho, kwani yalitamkwa katika nchi zilizowahi kuuabudu mwezi. Dola ya kale ya Hadhramaut, huko kusini mwa Arabuni, ilimtukuza mungu Sin. Mnamo 1937 na 1938 Gertrude Caton Thompson alifukua hekalu lake huko Hureidha, akaliita hekalu la mwezi. Nabonidus, mfalme wa Babeli kuanzia 556 hadi 539 KK, alimjengea upya mungu mwezi hekalu la Harran, na aliwahi kuhamia Tayma, kaskazini mwa Arabuni, akakaa huko takriban miaka 10.

Qurani ilipokuja ilikataza kusujudia jua na mwezi (Fussilat, aya ya 37). Katika Al-Baqara, aya ya 189, miezi miandamo ikapewa kazi yake: kuwajulisha watu nyakati, na hija pia. Mwezi haukutukanwa wala haukudharauliwa. Uliwekwa mahali pake, kiumbe pamoja na viumbe.

Riwaya mashuhuri ya dua hii imetoka kwa Talha bin Ubaydullah, mmoja wa masahaba 10 waliobashiriwa Pepo, aliyeuawa katika Vita vya Ngamia mwaka 36 Hijria (656). Imamu Tirmidhi, aliyefariki mwaka 279 Hijria (892), aliihifadhi katika mkusanyo wake wa hadithi.

Khalifa Umar bin Khattab alipoanzisha hesabu ya miaka ya Hijria, yapata mwaka wa 17 (638), mwanzo wa mwezi uliendelea kungoja macho ya watu. Waswahili nao waliipokea kalenda hiyo wakaipa majina yao. Ramadhani ikiisha huanza Mfunguo Mosi, ukafuata Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa. Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Hata neno mwandamo ni letu: mwezi mmoja huuandama mwingine.

Siku hizi mwezi huzungumzwa sana inapokaribia Ramadhani na Idi, na mara nyingi kwa mabishano: tufuate ulioonekana hapa kwetu, au ulioonekana nchi nyingine? Swali hilo ni la wanazuoni, nao wana hoja zao. Lakini dua haikuwekewa miezi miwili tu. Mwezi huandama mara 12 kwa mwaka, na kila mara huja na salama ya kuombwa. Basi Mfunguo Tano ukiingia, mwezi ambao hauna sikukuu wala tangazo, toka uani na watoto, waonyeshe mwezi, uwafundishe dua yake.