Kibwezi Magharibi Iliwachanganya Watabiri

Tangu UDA ishinde Mbeere Kaskazini na Malava kwenye chaguzi ndogo za Novemba 2025, kila msee mtandaoni amekuwa mtabiri wa 2027. Njooni kwetu Kibwezi kwanza.

2007 tulikuwa rahisi kusoma. Eneobunge lilikuwa moja, Kalonzo mwenyewe anagombea urais, na wimbi la ODM-Kenya likambeba Philip Kaloki hadi bungeni. Kalembe Ndile, yule mtetezi wa maskwota aliyeingia na NARC 2002, akaenda nyumbani.

Halafu Kibwezi ikagawanywa. 2013, Magharibi ikamchagua Patrick Musimba, mgombea huru, na Makueni ikampa Raila kura za urais. 2017, hivyo hivyo tena. 2022 ndiyo kali: Mwengi Mutuse akashinda na Maendeleo Chap Chap, chama kilichokuwa upande wa Ruto, na kaunti bado ikampigia Raila!

Mpiga kura ni yuleyule, foleni ni ileile. Lakini mbunge anapimwa kwa maji, hati za shamba na basari. Kwa rais, watu huangalia Kalonzo amesimama wapi.

Uchaguzi mdogo hauna karatasi ya urais, kwa hivyo Malava haiwezi kukwambia lolote kuhusu hiyo ya pili. Na sasa Kalonzo anautaka urais mwenyewe, kama 2007. Mimi namwangalia Mutuse, aliyeleta hoja ya kumng'oa Gachagua 2024. Akitetea kiti, tutajua kama maji na basari bado zinatosha.