Chungu na Mlima: Kimanga, Kutoka Dawida Hadi Voi

Anayepanda matatu Wundanyi kwenda Voi hushuka karibu mita 800 kabla hajafika mjini. Wundanyi iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Voi haifiki 600, na juu ya yote hayo kilele cha Vuria kinapita 2,200. Kule juu kuna ukungu wa asubuhi na udongo unaoshika maji. Huku chini kuna vumbi jekundu, mibuyu na jua kali. Kwa abiria ni safari fupi tu, lakini kwa mpishi ni nchi tatu au nne, kila moja na mazao yake na msimu wake. Wataita walijifunza mapema kula kutoka nchi hizo zote kwa pamoja.

Familia ya zamani ya Dawida, kundi kuu la vilima vya Taita, haikuwa na shamba moja. Ilikuwa na vipande kadhaa, vingine vidogo mno, vilivyotawanyika kutoka juu hadi chini kama vidato vya ngazi. Kwenye baridi ya juu walipanda maharagwe na viazi. Mabondeni, maji yalipoongozwa kwa mifereji kutoka vijitoni, kulikuwa na miwa na migomba. Chini kidogo yalikuja mahindi na muhogo, na karibu na nyika walipanda mtama, kunde na mbaazi, vitu visivyoogopa jua. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zikikosa huku, huenda zikanyesha kule. Vuli ya Oktoba hadi Desemba, ambayo upande wa Voi ndiyo ya kutegemewa zaidi, ikichelewa chini, mfereji wa juu bado unatiririka. Ni nadra ngazi nzima kuanguka mwaka mmoja.

Mazingira haya ndiyo yaliyozaa kimanga. Chakula hiki hakina orodha moja ya viungo, na anayedai kuwa na kimanga halisi atapingwa na jirani yake wa kilima cha pili. Kuna cha muhogo na maharagwe, kuna cha ndizi mbichi, kuna cha viazi vitamu na mbaazi, kuna kinachotiwa boga kikapendeza kwa rangi na utamu. Kisichobadilika ni njia: jamii ya kunde huiva kwanza, cha wanga hufuata katika chungu hichohicho, maji yakikaribia kukauka vyote hupondwa kwa mwiko mpaka vishikane. Hupikwa kwa vilivyopo, nacho hushibisha. Mpishi alitazama kilichopatikana kwenye vidato vya wiki ile, akakiunganisha. Wanawake, ambao ndio waliolima sehemu kubwa ya chakula na kukipika, walikuwa wakisoma mlima mzima kila walipowasha moto kati ya mafiga.

Lishe ya mchanganyiko huo haikuwa ya kubahatisha. Muhogo hutoa nguvu nyingi lakini protini kidogo sana. Maharagwe, kunde na mbaazi huziba pengo hilo. Pure, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa kile kinachopungua katika protini ya mahindi kinapatikana kwa wingi katika maharagwe. Pembeni palikuwa na majani: kunde, mnavu, majani ya boga, na mchunga wenye uchungu ambao watoto huukwepa na wazee huutafuta.

Miwa nayo ilikuwa na kazi kubwa kuliko utamu. Pombe yake ilinywewa katika mikutano ya ukoo, na ilitumika katika kutasa, ibada iliyokuwa moyo wa dini ya Wataita. Grace Harris, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1978. Mtu alipiga funda la pombe, la maji ya miwa au la maji matupu, akalirusha nje kwa mdomo huku akinena maneno ya kuitoa hasira moyoni. Imani ilikuwa kwamba kinyongo kilichofichwa, hasa cha ndugu wa karibu, huleta maradhi na mikosi. Basi mgonjwa alipopatikana nyumbani, dawa haikuwa majani tu. Ilibidi waliokosana watafutwe, wakae, wanene. Naona hekima kubwa hapa. Tunapozungumzia afya leo tunahesabu sukari na mafuta, na ni sawa, lakini wale walihesabu pia nani anakula na nani.

Nje ya vilima, chakula cha Wataita kilikuwa bidhaa. Mmishonari Johannes Rebmann alipita mlima wa Kasigau mwaka 1847, na mwaka uliofuata, akielekea Uchagani kupitia Bura, aliona theluji ya Kilimanjaro. Njia aliyofuata ilikuwa njia ya misafara. Kutoka Mombasa wapagazi walivuka nyika ya Taru, wakalala Maungu wakiwa na kiu, kisha wakafika chini ya Sagalla, ambayo wao waliijua kama Ndara. Hapo, na Taveta iliyo mbele zaidi njiani, ndipo walipojaza mifuko upya. Msafara wa mamia ya watu uligawa posho kwa kibaba, na ulinunua unga, ndizi, viazi vitamu na muhogo kwa shanga, nguo na waya. Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1883 akienda Umasaini, aliusifu msitu wa Taveta kwa neema yake. Neema hiyo ilitokana na mto Lumi na mifereji iliyoulisha mgomba.

Mwaka mmoja tu baada ya Thomson ngazi ilianguka. Mvua zilikosekana juu na chini, na ikaja njaa ya 1884 na 1885 ambayo Wataita huikumbuka kwa jina la Mwakisenge. Watu walikufa kwa wingi. Walioweza kutembea walikwenda Taveta kwenye maji, wengine wakateremka pwani mpaka Rabai. Ilikuwa funzo zito: utaratibu wa mashamba mengi hukinga dhidi ya mwaka mbaya, haukingi dhidi ya miaka mibaya inayofuatana.

Kilichokuja baadaye, hata hivyo, hakikuwa ukame. Ilikuwa ni ngazi yenyewe kuanza kukatwa kuanzia chini.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilikuwa Voi ilipokaribia 1898, mwaka ambao simba wa Tsavo waliwaua wajenzi kwenye daraja lililo mbele kidogo. Pamoja na reli walikuja maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi wakila mchele, unga wa ngano, dengu na samli, vitu vilivyosafirishwa kwa meli na treni. Voi ilizaliwa kama mji wa stesheni na maduka. Chapati na dengu zinazopikwa leo katika kila mtaa wa Voi zilipanda na reli hiyo, na mahamri kwa mbaazi za nazi yalifuata njia ileile kutoka pwani. Sitawalaumu wageni hawa wa jikoni. Wameupa mji ladha yake. Tofauti ni kwamba sasa chakula kiliweza kutoka dukani, na kwa hiyo kilihitaji fedha.

Vita Kuu ya Kwanza ilizidisha hali. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Waingereza wakaifanya Voi kambi, wakajenga reli ya kijeshi kupitia Maktau kuelekea Taveta. Watu wa Kasigau ndio waliolipa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1915 walituhumiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa kwa nguvu hadi upande wa Malindi, kwenye joto na maradhi wasiyoyazoea. Wengi walikufia huko, na waliobaki walianza kurudi nyumbani katika miaka ya 1930. Shamba lililoachwa muda wote huo hurudi kuwa kichaka, na mbegu isiyopandwa hufa. Sijui jikoni gani lingevumilia kukatika kwa namna hiyo bila kupoteza kitu.

Ardhi ya chini ilienda pia kwa mkonge, Mwatate na Taveta, ambako Ewart Grogan alijenga jumba lake juu ya kilima katika miaka ya 1930. Kibarua wa mkonge alipewa posho ya unga wa mahindi. Sima, iliyokuwa chakula kimoja miongoni mwa vingi, ikaanza kuwa chakula chenyewe. Vilimani watu walibanwa kwenye mashamba madogo, serikali ikapendekeza kuwahamishia baadhi yao Shimba Hills, na mwaka 1939 Taita Hills Association, ikiongozwa na Woresha Mengo, ikaundwa kupinga. Mwaka 1940 ilipigwa marufuku. Kisha Aprili 1948 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na sasa hifadhi inachukua sehemu kubwa kuliko nusu ya kaunti nzima. Nyika waliyolishia mifugo, kuwinda na kuchuma matunda pori ikawa upande wa pili wa mpaka. Wundanyi ikageukia kabeji na nyanya za soko la Mombasa, na Voi ikageukia mfuko wa unga.

Unga huo uliokobolewa umepungukiwa kiini na pumba, na humo ndimo zilimo vitamini nyingi za kundi B. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wakubwa warudishe vitamini na madini katika unga wa paketi. Ni jambo jema, lakini anayesaga mahindi yake kwenye posho mill ya mtaani, bila kukoboa, anapata kiini na pumba pamoja.

Anayelima chini leo ana mgeni mwingine wa usiku. Katika vijiji vya Sagalla, chini ya mlima ule ambao wapagazi walipumzikia, ndovu wa Tsavo humaliza shamba la mahindi kabla ya alfajiri. Tangu kama 2009 Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants wamefanya kazi na wakulima huko kwa kutundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huondoka mara nyingi kuliko kuendelea. Asali inayovunwa huuzwa. Wengine wamejaribu alizeti, ambayo ndovu hawaitamani kama mahindi, na pojo, inayoiva upesi kwa mvua kidogo, inapendwa mjini kote.

Kwa mazao kama haya yanayostahimili nyika, kimanga cha Voi kinapikika bila kusubiri mlima. Loweka vikombe viwili vya mbaazi au maharagwe usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, tafuta ya mvua, kwa kuwa madini ya maji magumu hukawiza maharagwe kuiva. Magadi huyalainisha upesi lakini huharibu vitamini B1, hivyo afadhali uvumilivu. Yakilainika, tia kilo moja ya muhogo mtamu uliomenywa na kutolewa ule uzi wa katikati, na kipande cha boga, na uache sufuria bila mfuniko, kwa sababu muhogo una kemikali ambayo inapaswa kutoka. Muhogo mchungu usitumie kwa namna hii hata kidogo. Vikiiva tia chumvi, ponda vikiwa bado motoni, na ukipenda tia tui la nazi kwa kuukumbuka upande wa pwani.

Pembeni pika kunde au mchunga kwa kitunguu na nyanya, kisha kamua ndimu mezani. Vitamini C ya ndimu na nyanya huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na mbaazi, jambo muhimu hasa kwa wajawazito na wasichana. Chai, tunayoipenda wote, huzuia madini hayo, kwa hiyo iwekwe saa moja baada ya chakula. Kimanga kilichobaki hukaa usiku kikiwa kimefunikwa na kupoa vizuri, na asubuhi hukatwa vipande, kikapashwa kwa mafuta kidogo mpaka kingo ziwe za kahawia, kikafungwa kwa ajili ya anayekwenda kazini au shuleni.