Kigonsera ni ya nani?

Wadau, kama umewahi kusubiri majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, hii unaijua. Kijana wa Tanga anaona jina lake, na pembeni pameandikwa Kigonsera. Nyumba nzima inaulizana: ndiyo wapi huko?

Ni wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Ukitoka Songea kuelekea Ziwa Nyasa, unaipita kabla hujaingia Mbinga mjini. Lami ilifika Songea miaka ya 1980, lakini kutoka hapo kwenda mbele ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, mpaka barabara ya Mbinga ilipowekwa lami miaka ya 2010 kwa fedha za msaada wa Marekani. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vya vijana vimeshuka pale na tranka, vumbi hadi kwenye kope.

Jina lenyewe lina umri kuliko serikali zote tulizozijua. Wabenediktini wa St. Ottilien, kule Ujerumani, walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakafungua Kigonsera. Kutoka hapo ndipo walipowaendea Wamatengo milimani, wale wa kilimo cha ngoro. Padri aliingia na katekista, katekista akaingia na ubao wa kuandikia. Dini na kusoma vilikuja katika kapu moja.

Na vilikuja na bendera ya mkoloni, tusijidanganye. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905, Peramiho ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, Nkosi Mputa Gama akiwamo. Padri Johannes Häfliger wa Kigonsera alikwenda kwa waliohukumiwa, akabatiza baadhi yao kabla ya kitanzi. Mimi kila nikikifikiria kisa hiki nabaki njia panda. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini aliyebatiza na aliyenyonga walikuja katika msafara mmoja.

Baadaye Kigonsera ikawa na seminari, na hapo ndipo linapoingia jina ambalo kila mtu analijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika kijana kutoka Lupaso, Masasi. Alikuwa amesoma Ndanda, misheni nyingine ya Wabenediktini haohao, na akavuka kusini yote kuja kusomea njia ya upadri. Upadri haukuwa. Akarudi Ndanda, kisha Pugu, kisha Makerere. Aliitwa Benjamin William Mkapa.

Angalia jambo moja. Mkapa hakuwa mtoto wa Mbinga. Tangu wakati huo Kigonsera ilikuwa mahali pa kuletewa watoto wa watu wa mbali, na kilichowaleta wakati ule ni kanisa. Baada ya Uhuru kazi ya kuleta ikachukuliwa na taifa. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za madhehebu chini ya serikali, na mwanafunzi wa sekondari akawa anapangiwa shule bila kuulizwa kanisa lake wala kabila lake. Leo Kigonsera ni sekondari ya serikali, ya bweni, ya wavulana, inafika kidato cha sita.

Mchanganyiko huo ulitujenga, na sitaki mtu anibishie. Mchaga alijifunza ugali wa Ruvuma, Msukuma akapata rafiki Mmatengo. Lakini ulikuwa na gharama yake, na aliyeilipa ni jirani. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu alitaja hesabu: mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na 176 tu kati yao ndio waliokuwa kidato cha sita. Kufikia 1967 walikuwa 25,000, na kidato cha sita 830. Keki ndogo namna hiyo ukiigawa nchi nzima, mtoto anayekaa ng'ambo ya uzio wa shule hana haki zaidi ya yule wa Bukoba. Anasikia kengele ya shule kila asubuhi, halafu anachukua jembe anakwenda kwenye kahawa ya baba yake.

Mwenye kuanza kulitatua hilo alikuwa nani? Yule yule kijana wa Lupaso. Serikali ya Mkapa ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na mwaka 2004 ikaanzisha MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari. Ada ya kutwa ikashuka kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000 kwa mwaka. Mwaka 2006, Mkapa akiwa ameshaondoka Ikulu, Waziri Mkuu Lowassa akasukuma shule za kata, na wananchi wakafyatua tofali.

Tulizicheka sana shule za kata. Hazina walimu, hazina maabara, tukaziita kila jina. Mengi yalikuwa kweli. Ila waliocheka wengi ni sisi tuliokuwa na shule za kwenda. Kwa yule mtoto wa jirani na uzio, ilikuwa mara ya kwanza kupata nafasi kidato cha kwanza bila kushindana na nchi nzima. Akifaulu kidato cha nne, sasa ni zamu yake kusubiri majina. Naye huenda akapangiwa Tanga.