Pandikizi Amekufa au Limekufa?

Kiswahili kina maneno tele ya mtu anayetafuta siri za wengine, na karibu yote humweka mtu huyo nje, akichungulia ndani. Mpelelezi hupeleleza, kachero hufuata nyayo, jasusi hutega sikio. Waandishi wetu wametulea hivyo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, huwasha kiko chake akaunganisha vijambo ambavyo wengine wamevipita. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, huwakimbiza maadui mji hadi mji. Hata Gamba akijibadili jina, ni kwa muda mfupi, na msomaji hasahau hata kidogo yuko upande gani.

Kwa hiyo kila nikitaka kumsimulia mtu Infernal Affairs kwa Kiswahili, nakwama kwenye nomino ya kwanza kabisa: hawa watu wawili niwaite nani?

Filamu hiyo ilitoka Hong Kong mnamo Desemba 2002, ikiongozwa na Andrew Lau na Alan Mak. Vijana wawili wanapishana katika chuo cha polisi. Chan Wing-yan anafukuzwa mbele ya wenzake, lakini kufukuzwa huko ni geresha. Wakubwa wanataka akaingie katika genge la wauza dawa za kulevya. Lau Kin-ming anabaki na kuhitimu, na yeye ametumwa na Hon Sam, mkuu wa genge hilo hilo. Miaka karibu kumi inapita. Yan, anayeigizwa na Tony Leung, ameshakuwa mhuni wa kuaminika. Lau, anayeigizwa na Andy Lau, amepanda vyeo na anahamia nyumba mpya na mchumba wake. Kisha biashara moja ya usiku inaharibika, kila upande unatambua kuwa una mtu wa upande wa pili, na wawili hawa wanaanza kusakana.

Kamusi inatupa kwanza askari kanzu, na ni neno zuri mno. Polisi amevua sare, amevaa nguo ya kila mtu, amepotea sokoni. Ila askari kanzu jioni hurudi nyumbani, akavua hiyo kanzu. Wenzake kituoni wanamjua, mshahara anasaini, na akipata ajali jina lake liko kwenye orodha. Yan hana la kuvua. Kanzu yake imekuwa ngozi.

Halafu kuna mtoa habari. Hapa lugha inagawanyika kulingana na anayesema. Kamanda wa polisi wa Tanzania akizungumza na waandishi husema taarifa zimetoka kwa raia wema. Kijiweni mtu huyo huyo ni snichi. Shushushu ni wa kutajwa kwa kunong'ona, na humaanisha zaidi mtu wa usalama wa taifa. Maneno haya yote yanahukumu: ukishachagua moja umeshasema uko na nani. Filamu ya Hong Kong inakataa kabisa kukuchagulia.

Kwa muda nilivutiwa na ndumilakuwili. Ni nyoka anayedhaniwa ana vichwa viwili, na neno lenyewe limebeba kuuma, kuuma huku na huku. Kwa sura tu lingefaa. Tatizo ni kwamba ndumilakuwili anafanya kwa hiari yake, na kwa faida yake. Yan anauma upande mmoja tu, na kila akiuma anaumia.

Neno ninalolisimamia ni pandikizi. Mkulima wa mpunga huotesha miche kitaluni, kisha huing'oa na kuipandikiza jarubani, na baada ya majuma machache hakuna atakayekuonyesha mche ulioota hapo na ule ulioletwa. Hospitali nazo hupandikiza figo. Wanasiasa wa Tanzania wameshalizoea neno hili: wakitofautiana ndani ya chama, hawakawii kuitana mapandikizi. Nalipendea jambo moja, kwamba ndani yake kuna mkono wa mtu mwingine. Pandikizi hajajipanda. Yuko aliyemng'oa akamchomeka pengine, na huenda ameshaondoka shambani. Linamfaa Yan aliyepandikizwa na Wong, mkubwa wake katika polisi, linamfaa vilevile Lau aliyepandikizwa na Sam, wala halimpendelei yeyote.

Kuna na jambo la sarufi, ambalo kwangu ndilo linaloifungua filamu nzima. Pandikizi liko katika ngeli ya ji-ma. Kanuni ya Kiswahili sanifu ni kwamba chenye uhai hupewa a-, hata kama umbo lake ni la vitu: jambazi amekamatwa, pandikizi amekufa. Lakini ulimi wetu ukitaka kukuza au kudhalilisha, huteleza ukasema limekamatwa, limekufa. Mtu anahamishwa kutoka kwenye watu, anapelekwa kwenye vitu, kwa silabi moja tu.

Yan anaishi katika mtelezo huo. Waliojua kuwa ni askari ni wawili tu, Wong na mkuu wa chuo cha polisi. Mkuu wa chuo anafariki mapema, na Yan, aliyejibanza kichochoroni, anaupigia saluti msafara wa mazishi ambao hana ruhusa ya kuufuata. Kisha Wong anarushwa kutoka juu ya ghorofa, anaangukia teksi, miguuni pa Yan. Tangu dakika hiyo hakuna duniani anayeweza kumpa Yan kiambishi cha a-. Kilichobaki ni faili kwenye kompyuta. Lau anaifungua, anaisoma, na baadaye anaifuta.

Kinachomfanya aifute ni kitu cha kumfurahisha mpenzi yeyote wa maneno. Sam alikuwa amewataka wahuni wake waandike taarifa zao, zikatiwa katika bahasha. Juu ya bahasha kulikuwa na neno lililoandikwa kwa herufi isiyo yake, na Yan, aliyesoma kidogo kuliko alivyotaka lakini zaidi ya wenzake, akalisahihisha kwa mkono wake. Siku nyingi baadaye anakaa ofisini kwa Lau, akisubiri kurudishiwa maisha yake, na anaiona bahasha ile ile mezani, na masahihisho yake mwenyewe juu yake. Hakuna bastola inayotolewa. Yan ananyanyuka na kutoka. Lau anarudi, anakuta kiti kitupu, anaitazama bahasha, anaelewa. Miaka kumi ya uongo imevuliwa nguo na kosa la tahajia.

Martin Scorsese alipoichukua hadithi hii na kuifanya The Departed, iliyotoka mwaka 2006, bahasha alibaki nayo, akabadili neno lililo juu yake. Safari hii ni neno lenye maana ya raia. Nalipenda badiliko hilo, maana raia ndiyo hadhi ambayo Billy Costigan, Yan wa Boston, amenyang'anywa.

Kitendo chenyewe cha kuirudia filamu, wengi wetu tunakiita marudio, na nadhani tunakosea. Marudio ni ya mechi iliyoisha sare, au ya kipindi kilichopita Jumanne. Alichofanya Scorsese na mwandishi wake William Monahan ndicho Kiswahili hufanya siku zote kwa maneno ya kigeni: kutohoa. Ukitohoa neno, unalipa irabu zako, unalipangia ngeli, unaliacha lizae. Hadithi ya Hong Kong imepewa Waayalandi wa Boston, Ukatoliki wao, matusi yao, chuki zao za mtaa na mtaa. Frank Costello wa Jack Nicholson amekopa mengi kwa Whitey Bulger, jambazi halisi wa mji huo aliyekuwa pia akiwapa habari FBI. Daktari wa akili na mchumba, waliokuwa wanawake wawili, wamekuwa mmoja. Filamu imerefuka kwa dakika kama 50. Na kama ilivyo kwa maneno ya mkopo, asili yake ilianza kusahaulika mara moja: The Departed ilipotunukiwa Oscar nne mwaka 2007, ikiwemo ya filamu bora, mtangazaji wa hafla aliitaja ile ya kwanza kuwa ya Kijapani.

Utohozi huo ni mzuri. Naiheshimu filamu hiyo, hasa DiCaprio anavyomwigiza Costigan kama mtu asiyelala. Lakini imechukua neno jingine kwa ajili ya watu wake, nalo ni panya. Wanalitamka tangu mwanzo hadi mwisho, na picha ya kumalizia ni panya halisi anayepita kwenye ukingo wa roshani, nyuma yake kuba la dhahabu la jengo la serikali. Kwa Wamarekani panya ni msaliti anayetoa siri. Mtazamaji wa Dar es Salaam atawaza kwanza panya road, vijana waliokuwa wakivamia watu mitaani, au njia za panya zinazopitishia magendo mipakani. Atafikiria wizi. Ila mwache atulie kidogo, atakumbuka kuwa panya wa Kiswahili ana tabia ya kung'ata huku akipuliza, mpaka aliyelala asisikie. Hapo atakuwa amefika kwa Colin Sullivan, Lau wa Matt Damon, kwa njia yake mwenyewe.

Panya ni hukumu, na ukishawaita watu panya lazima mtu aje awaue. Ndivyo inavyokuwa Boston: Costigan anapigwa risasi kwenye lifti, na Sullivan anakuta muuaji ameshamtangulia sebuleni kwake. Jina la filamu limetoka katika sala za Wakatoliki za kuwaombea waliokufa. Kiswahili chake ni Marehemu, kama tunavyosema Marehemu Wote kila tarehe 2 Novemba, na ndani ya neno hilo mna rehema. Marehemu ni aliyerehemiwa. Kwa Kiswahili, basi, Scorsese anampa msaliti kile ambacho Hong Kong ilimnyima.

Kwa maana Lau hafi. Anaendelea kuishi na sare yake na cheo chake, na anapiga saluti kwenye kaburi la Yan. Nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya China bara ilimfanya akamatwe mara tu lifti inapofunguka, na mwisho huo unaivunja filamu, kwa sababu kukamatwa ni kupumzishwa. Jina la Kikantoni, Mou Gaan Dou, linataja njia ya jahanamu ya chini kabisa katika mafundisho ya Kibuddha, ambayo mateso yake hayana nafasi ya kuvuta pumzi. Jina la Kiingereza linachezea hiyo jahanamu pamoja na idara ya mambo ya ndani, na Kiswahili hakiwezi kuufuata mchezo huo. Kuiita Jahanamu tu kungetuletea moto na kuni, kukatunyima ule muda usiokatika.

Mimi ningeiita Bila Kituo. Kituo ni mahali pa kutua mzigo. Kituo ni alama inayoipa sentensi pumzi. Kituo ni nyumba ya polisi. Yan amekosa vyote vitatu, na Lau amepata hicho cha mwisho peke yake.