Avignon: mji unaogeuka jukwaa, na swali la nani anaruhusiwa kusema

Kila mwezi wa saba, mji wa Avignon, kusini mwa Ufaransa, hubadilika sura. Ni mji wa wakaaji karibu 90,000. Sehemu yake ya zamani imezungukwa na ukuta wa mawe wa karne ya 14, wakati mapapa wa Kanisa Katoliki walipokaa huko badala ya Roma. Mgeni anayeingia mwezi huo hukuta matangazo yamefungwa kwa kamba kwenye kila nguzo, na waigizaji waliokwisha kuvaa nguo za mchezo wakigawa vikaratasi njiani, wakiwaomba wapita njia waje kuwatazama. Historia ya tamasha hilo ni historia ya milango: nani anaingia kutazama, na nani anapanda jukwaani kusema.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1947. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzijuzi tu, na Avignon ilikuwa imepigwa mabomu mwaka 1944. Watayarishaji wa maonyesho ya picha katika Kasri la Mapapa walimwomba Jean Vilar, mwigizaji na mwongozaji wa michezo, alete mchezo mmoja aliokwisha kuucheza. Vilar alikataa, kisha akarudi na wazo kubwa zaidi: michezo mitatu mipya. Kuanzia tarehe 4 hadi 10 Septemba walikuja watazamaji 4,800. Waliolipa walikuwa 2,900 tu. Mwaka uliofuata tamasha likahamia mwezi wa saba.

Wakati ule teatri ya Ufaransa ilikuwa zaidi jambo la Paris na la wenye fedha. Vilar alitaka mfanyakazi wa kawaida naye akae chini ya nyota, katika ua wa kasri, asikilize Shakespeare. Kwake teatri ilikuwa huduma kwa raia wote, sawa na maji na umeme.

Lakini tamasha lililowafungulia watazamaji lilibaki na mlango mmoja wa waigizaji: ule wa kualikwa. Mwaka 1966 André Benedetto, aliyekuwa na ukumbi mdogo mjini humo, alionyesha mchezo wake wakati wa tamasha bila kualikwa na mtu. Wengine wakamfuata. Hivyo ikazaliwa ile inayoitwa Off, na tamasha la walioalikwa likaitwa In. Mwaka 1968 vijana walimzomea Vilar mwenyewe, wakimwona kuwa amekuwa mkubwa kama wakubwa wengine. Alifariki mwaka 1971.

Siku hizi Off ina michezo karibu 1,500 au zaidi kwa mwezi mmoja. Kumbi ndogo hugawanya siku kwa saa: kundi moja likimaliza, hubeba vitu vyake haraka, na lingine huingia. Hakuna anayekatazwa, lakini kila kundi hulipia saa zake, nyumba ya kulala na matangazo. Wengi hurudi kwao na madeni. Mlango uko wazi, ila una kodi yake. Mwaka 2003 wasanii na mafundi wa jukwaa waligoma, wakitetea malipo yao ya wakati wasio na kazi. Tamasha la In likafutwa, na wenye hoteli na mikahawa wakaona mkate wao unategemea jasho la nani.

Afrika nayo ilibisha hodi. Mwaka 2007 Faustin Linyekula, mcheza dansi wa Kongo ambaye kundi lake, Studios Kabako, lina makao Kisangani, alipeleka Avignon kazi iitwayo Dinozord. Ilihusu wafu na ndoto zilizovunjika za mji huo, na ilibeba maneno ya rafiki yake aliyekuwa amefungwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Mwaka 2013 Dieudonné Niangouna, mwandishi na mwigizaji wa Brazzaville, akawa msanii wa kwanza kutoka Afrika kushirikishwa na wakuu wa tamasha katika kuandaa mwaka mzima, pamoja na Mfaransa Stanislas Nordey.

Miaka minne baadaye, tamasha lilitangaza kuipa Afrika nafasi ya pekee. Niangouna hakufurahi. Kazi nyingi zilizochaguliwa zilikuwa dansi na muziki, na waandishi wa teatri wa Afrika hawakuonekana. Alisema wazi kwamba kuialika Afrika bila neno lake si kuialika. Lawama hiyo ilikuwa na uzito, maana iligusa desturi ya zamani: Mwafrika hupendwa anapocheza ngoma, lakini akianza kueleza, watu hutazama saa.

Mwaka huohuo wa 2017, Linyekula alirudi Avignon kuifufua Dinozord. Rafiki yake, ambaye miaka kumi kabla alisikika kwa maandishi tu, sasa alikuwa nje ya gereza. Alisimama jukwaani mbele ya watu, akasema kwa kinywa chake.