Karatasi ya Kazi: Kutoka Kibarua hadi Mhamiaji Haramu



Mhadhara huu unahusu istilahi moja ya siku hizi na ukoo wake wa zamani. Istilahi yenyewe ni "mhamiaji haramu". Nitaichunguza nikianzia Mnazi Mmoja, kwa kuwa hapo ndipo mji wa Dar es Salaam ulipochorewa mpaka kati ya waliohesabiwa kuwa wenye mji na waliohesabiwa kuwa wamekuja kufanya kazi tu. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili cha kazi kimekuwa, kwa zaidi ya karne moja, Kiswahili cha karatasi. Aidha, karatasi hiyo, ingawa hutolewa au huombwa na mwajiri, imekuwa ikitafutwa mfukoni mwa mfanyakazi.

Tuanze na neno "kibarua". Umbo lake ni wazi: kiambishi cha udogo ki- na nomino "barua". Kilikuwa kikaratasi cha kuthibitisha kazi ya siku. Kisha jina la karatasi likamhamia mtu aliyeishika. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "kipande", kadi ya siku 30 za kazi iliyotumika katika mashamba tangu enzi ya Wajerumani, na kwa "manamba", wafanyakazi wa mkataba katika mashamba ya mkonge, waliotambuliwa kwa namba zao. Katika semantiki mtindo huu wa kukitaja kitu kwa jina la kinachoambatana nacho huitwa taashira. Lakini taashira hizi si za kishairi. Zinatuonesha kwamba mtu alijulikana kwanza kwa cheti chake, ndipo kwa jina lake.

Mnazi Mmoja ilipata sura yake katika mazingira hayo hayo. Mpango wa kugawa mji kwa misingi ya rangi ulianzishwa na Wajerumani, na Waingereza wakaukamilisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Eneo la wazi liliachwa kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika. Upande wa magharibi ikakua Kariakoo, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, ambayo ndiyo asili ya jina hilo. Kwa hiyo jina la soko letu kuu ni kumbukumbu ya watu waliochukuliwa kutoka kwao ili wabebe mizigo ya wengine.

Mji uliwahitaji watu hao mchana na kuwaogopa usiku. Mwaka 1944 ilitungwa sheria iliyoiwezesha serikali ya kikoloni kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa" na kuwarejesha vijijini. Neno lililowabeba watu hao lilikuwa "mhuni". Zamani liliweza kumtaja hata mtu asiye na mke wala makazi ya kudumu. Katika kinywa cha utawala likawa kosa. Wengi walioondolewa walirudi, kwa sababu kazi ilikuwapo na waliowahitaji walikuwapo. Jambo hilo halikukoma na uhuru. Katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, mkazi wa Dar es Salaam aliyeshindwa kuonesha kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa na kupelekwa shambani. Hakuvuka mpaka wowote wa nchi. Alikuwa mwananchi asiye na karatasi.

Tangu hapo neno limebadilika, na mtu anayetajwa naye amebadilika. Mwaka 2011 wageni waliokuwa wakiuza bidhaa rejareja Kariakoo walipewa siku 30 waondoke. Mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, inayomkataza mwajiri kumwajiri mgeni asiye na kibali cha kazi. Mwezi Julai 2025 ikatoka amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uuzaji wa jumla na rejareja, ufundi wa simu na huduma za kutuma pesa kwa simu. Amri hiyo inamwadhibu pia raia anayemsaidia mgeni kuikiuka: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.

Mjadala huu una pande mbili zenye uzito. Mchuuzi wa Kariakoo anauliza atashindana vipi na mtu anayeuza rejareja bidhaa aliyoiagiza mwenyewe kwa makontena. Upande wa pili unaukumbusha umma kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi wafanyakazi wa nchi wanachama uhuru wa kuvuka mipaka. Sikusudii kuwa hakimu kati yao. Kama mwanaisimu, naangalia lugha wanayoitumia.

Katika "mhamiaji", kiishio -ji mara nyingi huashiria afanyaye jambo kwa mazoea au kwa kazi, kama katika "mwindaji". Kwa hiyo safari moja inageuzwa kuwa tabia. Kisha linafuata neno "haramu". Katika fikihi, neno hili huhukumu tendo au kitu, kama vile riba, kamari au nyamafu. Kiswahili kimelibandika kwa binadamu kwa namna mashuhuri katika neno "mwanaharamu", ambapo mtoto hubebeshwa kosa la waliomzaa. Mfanano huo unanisumbua. Ajira isiyo na kibali ina watu wawili, lakini haramu imemwangukia mmoja. Sijapata kusikia wala kusoma "mwajiri haramu". Raia anayemkodisha mgeni leseni yake hana hata jina. Sheria imeshamwona, lugha bado.

Wahenga hawakuwa hivyo. Walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tazameni sarufi yake. Kitenzi "mpe" ni amri, na anayeamrishwa ni mwenyeji. Mgeni ni mtendwa. Methali inajua kwamba jembe halijiokoti lenyewe, yupo anayelitoa.

Napendekeza basi kwamba wanahabari, mahakimu na watunzi wa kamusi watumie "mhamiaji asiye na kibali" na, sambamba nalo, "mwajiri wa wasio na kibali". Istilahi ya kwanza inataja upungufu unaoweza kurekebishwa. Ya pili inamrudisha mtoa jembe ndani ya sentensi. Nanyi wanafunzi, mnapovuka Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo, sikilizeni nani anatajwa kwa jina, nani kwa karatasi, na nani hatajwi kabisa.